Jeli ya Mashine

Miaka ya tisini nilikuwa nesi wa wodi ya watoto katika hospitali moja huko Karagwe. Mashine ya ultrasaundi ilikuwa moja tu, ya wodi ya wazazi, na tulipoihitaji tuliisukuma kupita uani.

Asubuhi moja tuliihitaji kwa mtoto aliyeletwa kutoka kijiji cha Igurwa, ambaye maji yalikuwa yanambana moyo. Nilimpaka jeli kifuani, daktari akatazama kwenye kioo maji yalipo, akachoma sindano hapohapo. Maji yakatoka. Bibi yake, aliyemlea kwa kumpaka samli tangu azaliwe, hakutazama kioo. Alitazama jeli. Nilipotaka kuifuta alinishika mkono.

"Mwanangu, acha dawa iingie."

Niliudhika, nilikuwa na wagonjwa wengine. Nikaiacha.

Jioni mtoto alikata roho. Daktari alirudisha mashine kifuani ili kuhakikisha, na moyo ulikuwa umesimama. Sikuhisi kitu. Nikaanza kukunja waya.

"Mlimpaka kidogo mno," bibi alisema. "Kifuani tu."

Ningemweleza kwamba si dawa, kwamba inasaidia mashine kuona. Sikuwa na nguvu za maneno hayo. Alikinga kiganja. Nikammiminia jeli yote iliyobaki, akampaka mjukuu wake mikono, miguu na nyayo, bila haraka, kama anamwandaa kwenda kanisani.

Nikairudisha mashine wodi ya wazazi. Mama mmoja alikuwa ameshalala kitandani, tumbo wazi, anaisubiri. Mkunga akauliza jeli iko wapi.

Nikamwambia mtoto ameimaliza.