Bei Niliyotajiwa Wamaza

Watu husema bei haina macho. Waongo. Bei ina macho na masikio, na inaanzia miguuni: inatazama viatu vyako kwanza, halafu mkoba, halafu inasubiri usalimie isikie umetoka wapi. Nimeishi nchi mbili, na katika zote mbili nimeuziwa nyanya kama mtu aliyeshuka garini jana. Sasa nimechoka, na nikichoka huwa sinyamazi.

Tulivuka ziwa wakati wa vita, mimi nikiwa mdogo, tukapanga chumba Kigoma. Baba alikuwa mtu wa Kasongo, wa familia za Waislamu wa mjini. Mama ni wa kabila la Wabangubangu, wa kijiji cha Wamaza, upande wa Kabambare. Kule Kigoma hayo hayakuwa na maana yoyote, sote tulikuwa Wakongo basi. Sokoni dagaa walipangwa mafungu juu ya gunia. Mwanamke wa mbele yetu analipa bei yake, anaondoka. Tunafika sisi, fungu lile lile, bei imepanda. Mama akiuliza kwa nini, muuzaji anacheka: "Nyie Wakongo mna dhahabu bwana!" Dhahabu! Baba alikuwa anabeba magunia bandarini, jioni tunamkanda mgongo kwa maji ya moto.

Siku moja mama alikaa. Alichukua ndoo ya yule muuzaji, akaipindua, akaikalia pale pale pembeni ya dagaa. Kila mteja aliyekuja mama alimkaribisha kwa sauti: "Karibu dada, nunua, yako iko rahisi. Ghali iko yetu tu." Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Yeye hakuwa na haraka, alikaa kama mwenye soko. Mwishoni muuzaji akamsukumia mafungu mawili. "Chukua, mama, chukua uondoke! Unanifukuzia wateja."

Yule yule muuzaji ndiye aliyetuletea uji baba alipofariki. Mama alikunywa ule uji, akamshukuru, na bado akamwambia usoni kwamba bei yake ya zamani ilikuwa tusi. Muuzaji akajibu, "Najua, kunywa uji." Waliendelea kuwa marafiki mpaka tulipoondoka.

"Bei ya mugeni iko matusi tu," mama alikuwa akiniambia. "Wanakuambia weye si wetu, halafu wanakulipisha kwa kukuambia."

Basi tukarudi. Baba yuko chini ya udongo wa Kigoma, mama amezeeka, magoti yamekataa, na akasema anataka kufia kwenye lugha yake. Tulifikia Kasongo, kwa shangazi, dada wa baba, nyuma ya msikiti. Nilidhani mambo ya bei yamekwisha. Nimezaliwa hapo mimi! Kitovu changu kiko hapo!

Siku ya kwanza sokoni nikasimama kwa muuza mchele. Jirani yangu alipimiwa kopo limejaa na kichwa juu, mchele unamwagika, muuzaji anaongeza tena kwa mkono. Langu akalipitishia kiganja juu, likawa tambarare kama meza. Na bei ikawa ya juu kuliko ya jirani.

"Mama," nikasema, "langu mbona umelikata kichwa?"

"Weye si unatoka ngambo? Kule kuko feza."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone, eeh? Basi leo hamponi. Miye si mugeni."

Mstari mzima wa akina mama ukacheka. Mmoja akauliza, "Mutoto wa nani?" Nikawatajia baba, na baba wa baba, na nyumba, na msikiti. Nikataja hata kisima tulichokuwa tunachota. Muuzaji akashika kopo, akalijaza mpaka likamwagikia miguu yangu. "Chukua, mwenye Kasongo. Una mudomo!" Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshinda, nikampikia mama wali.

Lakini mama hakuwa akiutazama wali wangu. Alikaa kwenye mkeka mlangoni kwa shangazi, akitazama njia ya Kabambare. Alitaka kwenda kwao. Kaka zake wote walikuwa wamekufa isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyebaki kwenye kiwanja cha mama yao. Nikamwambia, twende basi, nitakodi pikipiki, nitakushika kiunoni njia nzima. Akakataa. Tangu tuvuke ziwa hakuwahi kutuma neno Wamaza. Mama yake mzazi alizikwa yeye hayupo, hata kitambaa cha sanda hakutuma. Tulikuwa kwenye shida zetu, hatukujua, habari ilitufikia kaburi limeshaota majani. Kaka mtu atakuwa amesema nini miaka yote hiyo? Hilo ndilo lililomnyima mama usingizi.

"Siendi kuwa mugeni kwa mama yangu," alisema. "Afadhali nife hapa kwa mawifi."

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja la kwao. Kwao mama, mtoto wa dada, yaani mupwa, ana haki zake kwa mjomba. Anaingia kiwanjani, anaona kuku amenona, anamshika, anaondoka. Haombi. Mjomba atapiga kelele, atamtukana matusi ya kila rangi, na mupwa atamrudishia, watu watacheka, lakini kuku ameshakwenda. Mjomba hamtajii mupwa bei. Mjomba anayemtajia mupwa bei amemwambia kwamba yeye na mama yake si watu wa pale tena. Nilikuwa nimezisikia habari hizi tangu Kigoma, ndizo zilikuwa hadithi zetu za kulalia.

Mama akafunga hela kwenye pindo la kitenge changu, akakaza fundo kwa meno yake machache. "Nenda Wamaza. Mwambie kaka yangu mama amekutuma ununue kuku. Akikutajia bei, usibishane. Lipa, leta kuku, tutamupika, tutakula, na maneno ya Wamaza yataisha. Akikuambia shika tu, basi nitakwenda."

"Na kama ni bei ya mugeni?"

"Nimesema usibishane."

Mwenye pikipiki wa Kasongo naye alinitajia yake. Akatazama kandambili zangu za Kigoma, akataja bei ya kwenda mbinguni na kurudi. Nikamwambia nitakwenda kwa miguu, na nikaanza kutembea kweli, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni. Alinifuata polepole akiteremsha bei kidogo kidogo, mpaka tulipofika kwenye wale wa baiskeli waliobeba bidoni, madumu yale ya plastiki, za mawese, nao wakaanza kumcheka. Hapo akataja bei ya watu. Nikapanda. Njia ilikuwa matope na madaraja ya magogo, penye magogo mabaya nateremka natembea, yeye anavusha pikipiki akimwomba Mungu.

Mjomba nilimkuta anasuka kitunga mbele ya nyumba. Mkaza mjomba alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikapiga magoti, nikasalimia, nikasema mimi ni mtoto wa nani, nikaitaja nyumba ya bibi mpaka nyuma. Akainua uso, akanitazama. Ana pua ya mama, ile ile.

"Dada yangu alikufa ngambo," akasema.

"Hajafa, mujomba. Iko Kasongo, magoti ndiyo yanamusumbua."

"Kwetu alikufa. Mama yetu alimuita mpaka siku ya mwisho. Hatukuona mutu."

Nikamwambia habari ilichelewa. Nikamwambia baba naye alikufa, tulikuwa wenyewe. Akaendelea kusuka. Na mimi, kwa sababu ndiyo kazi niliyotumwa, nikasema: "Mama amenituma ninunue kuku."

Mikono yake ikasimama. Alielewa hapo hapo. Mtu yeyote aliyekulia Wamaza angeelewa dada mtu anauliza nini. Mkaza mjomba naye akaacha kutwanga, mchi umebaki hewani. Mjomba akaweka kitunga chini, akanyoosha kidole kwa kuku mmoja mwekundu aliyekuwa anaparua karibu na ghala. "Ule," akasema. Kisha akataja bei.

Jamani! Hata wazungu wa mashirika, wanaonunua bila kuuliza, wangeomba kiti kwanza. Kwa hela ile ungenunua kuku, na tundu lake, na mbwa wa kumlinda.

"Eeh!" mkaza mjomba akasema, mkono mdomoni.

"Iko bei ya musafiri," mjomba akasema. "Huyu si musafiri?"

Ninakiri vidole vyangu vilikwenda kwenye fundo. Mama alikuwa amesema usibishane, na mimi nilikuwa nimekuja kutii. Fundo lilikuwa gumu, nikawa nahangaika nalo, mjomba ananitazama, na hapo hasira ikanipanda. Nilimwona mama kwenye mkeka wa wifi yake akitafuna kuku wa kununuliwa kwa kaka yake, kimya, na maneno yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Mimi sijamaliza! Kigoma niliambiwa rudi kwenu. Kasongo nikaambiwa wa ngambo. Halafu hapa, kwenye kiwanja alichozaliwa mama yangu, nilipie ruhusa ya kuwa si mtu wa hapa? Hapana. Nilikataa mwili mzima.

Nikaliacha fundo. Nikamrukia kuku.

Sikumpata. Nani anamshika kuku wa kijijini mara ya kwanza? Akapita kati ya miguu yangu, akazunguka ghala, na mimi nyuma yake, kandambili moja ikabaki kwenye matope, kitenge kinafunguka nakishika kwa mkono mmoja. Aliingia chini ya benchi, nikaingia nusu yangu, akatokea upande wa pili. Watoto wakaanza kushangilia, na majirani wakatoka. Mwishowe nilimbana kwenye pembe ya jiko, nikamshika mabawa, nikasimama, ninahema, sombe imenimwagikia.

"Muizi!" kijana mmoja wa jirani akapiga kelele. "Mugeni anaiba kuku!"

Hapo ndipo nilipoogopa. Wizi wa kuku kule haupelekwi mahakamani. Watu walikuwa wameshaziba njia, mmoja ameshika kipande cha ukuni, na mwenye pikipiki wangu nikamwona anaisukuma pikipiki yake kimya kimya kuelekea barabarani. Wote walikuwa wanamtazama mjomba. Akisema simjui huyu, basi kwao mimi ni mwizi. Nikamkaza kuku kifuani, na nikaanza kutembea. Polepole. Mwizi hukimbia, na mimi sikuwa mwizi. Nikapita mbele ya mjomba kabisa, nimeinua kichwa, mguu mmoja mtupu.

Akasimama.

"Muizi!" akasema, na nikajua nimekwisha. "Muizi weye! Muizi sawa mama yako! Mama yako alikuwa anaiba hata mayai, kuku akiwa amelala juu yake! Tazameni mikono, ni ile ile! Tazameni haya, hana, kama yule! Mumechukua yote mukaenda ngambo, sasa mumerudia kuku? Muizi, mutoto wa muizi!"

Yule mwenye ukuni akauangusha. Mama mmoja mzee wa jirani akaanza kucheka, kisha akapiga kigelegele, na wengine wakamwitikia. Machozi yalikuwa yananitoka lakini nilijua wajibu wangu. Nikageuka, nikamrudishia kwa sauti yangu yote: "Na weye, muchoyo! Kuku zako zimekonda sawa shingo yako! Ninachukua huyu kwa huruma, asife njaa kwako!"

"Toka! Toka kabla sijakuongezea jogoo!"

Alinitukana mpaka nilipofika barabarani. Hakuvuka kiwanja chake hata hatua. Mkaza mjomba alinikimbilia na kandambili yangu mkononi, akanivalisha mwenyewe, akanifuta sombe shavuni kwa kitenge chake. Alikuwa analia na kucheka. Mwenye pikipiki aliniuliza njiani kama ninatafutwa na polisi.

Kasongo nilifika alasiri. Mama alikuwa mlangoni, kwenye mkeka, na aliponiona na kuku hakuniuliza habari za safari.

"Alikutajia bei?"

Singeweza kumdanganya. "Alitaja."

"Ya watu?"

"Ya musafiri, mama. Kubwa."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akageuza uso ukutani. Sijawahi kumwona mdogo vile. Shangazi aliyekuwa jikoni akaja, akasimama mlangoni. "Haya," mama akasema. "Ulilipa. Basi. Tafuta kisu."

"Sikulipa."

Nikafungua kitenge, nikamwonyesha fundo lake, bado lina alama za meno. "Nilimshika tu. Mbele yao wote."

Mama akageuka. "Weye! Na yeye?"

"Alinitukana."

"Alikutukana vipi? Sema vile vile alivyosema, usipunguze."

Nikasimama katikati ya kiwanja cha shangazi, nikayasema yote kwa sauti ya mjomba, mayai na mikono na haya na muizi mutoto wa muizi. Shangazi akashika kichwa, majirani wakachungulia. Mama alisikiliza hadi mwisho, midomo yake ikinifuata neno kwa neno kana kwamba anayakumbuka. Kisha akanyoosha mikono, nikampa kuku. Akampapasa kifua, akamtazama chini ya mabawa, akamweka mapajani.

"Usimuchinje," akasema. "Huyu iko ya kutaga. Nitamurudisha Wamaza miye mwenyewe."