Kilo Mbili za Maharage Njiani Kwenda Tengeru

Mlio wa springi inayovutika na kuachia, nyii-nyii, hunirudisha moja kwa moja ndani ya pikapu ya baba, penye harufu ya dizeli na maziwa ya mtoto. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa mhudumu wa afya kule Moshono, na mizani yake ya kupimia watoto, ile ya kuning'iniza yenye uso wa mviringo kama saa ya ukutani, niliitamani kuliko mdoli wowote.

Jumamosi hiyo tulikuwa tunakwenda Tengeru kwa bibi. Mama alikaa mbele amempakata mdogo wangu Elia, wa miezi mitano, huku akiikunja na kuikunjua kadi ya kliniki ya mtoto. Mimi kwenye kiti cha nyuma nikaitundika mizani, ambayo mama alikuwa ameibeba, kwenye mshikio wa juu ya mlango, nikaning'iniza mfuko wa maharage tuliyompelekea bibi. Kilo mbili kamili.

Baba alipokanyaga mafuta, lo! Mfuko ulivutika nyuma ukabaki umeinama vile vile, huku ukicheza juu na chini, na mshale ukaipita mbili.

"Baba! Maharage yameongezeka uzito!"

"Yameota njiani?"

Mwendo ulipotulia, mfuko ukanyooka, mshale ukarudi penye mbili. Akashika breki, mfuko ukakimbilia mbele. Nilipiga kelele kwa furaha. "Tena, baba! Tena!" Kila barabara ilipokuwa tupu alipunguza mwendo, kisha akaongeza, nami nikitangaza kama mtangazaji wa mpira: "Unarudi nyumaaa! Umepita mbili! Unacheza! Unatulia!" Mama akageuka kutazama, akacheka mpaka Elia akashtuka.

Kwa bibi, baada ya shikamoo, mama alitundika mizani kwenye boriti ya baraza na kumning'iniza Elia. Akarusha miguu, mshale ukaruka huku na huku. Bibi akasogea kusoma.

"Subiri, bibi!" nikamwambia. "Lazima mshale utulie kwanza!"

Ukatulia: kilo sita na robo. Mama aliitazama kadi ya kliniki, akaitazama mizani, kisha akaketi sakafuni akalia. Bibi akapiga vigelegele.

"Mtoto hakui kwa kupimwa, hukua kwa kunyonya," akasema, lakini naye alikuwa akijifuta macho.

Miaka mingi baadaye mwalimu wa fizikia alitueleza kwamba gari likiongeza kasi, springi hubeba mzigo na papo hapo huuvuta uende na gari. Ndiyo maana huinama na kurefuka zaidi. Darasa zima liliduwaa, mimi nikatabasamu.

Lakini jambo jingine nililielewa nilipopata mtoto wangu mwenyewe. Elia alikuwa amepungua uzito miezi miwili mfululizo, na safari nzima mama alikuwa akiuogopa mshale ule. Baba, mtu aliyeendesha gari taratibu maisha yake yote, hakuwa akinifurahisha mimi tu. Alikuwa akikitafuta kicheko cha mkewe.