Neno la Ndiyo Haliombwi kwa Simu

Kuna siku moja, mwanangu, haijanitoka kichwani mpaka leo, nayo haihusiani na korti wala Amerika hata kidogo. Nilikuwa kijana wa kuanza kunyoa ndevu, huko kwetu karibu na Kitale, na nilikuwa nimenunua baiskeli. Baiskeli yenyewe ilikuwa mkweche, breki zake ni soli ya kiatu changu, lakini nikiwa juu yake nilijiona gavana. Ulikuwa msimu wa kulima. Maksai wetu mmoja akavunjika mguu, na maksai aliyebaki peke yake havuti plau. Baba akanituma kwa jirani yetu, Mzee Makokha, nimwombe dume lake moja tumalizie shamba kabla mvua haijatuzidi.

Nikaenda nikipiga kengele njia nzima. Nilipofika sikushuka. Niliegemeza mguu mmoja kwenye ua wake nikapaza sauti: "Mzee, baba anaomba ng'ombe mmoja wa kulima!" Mzee alikuwa anasuka kamba. Hakuinua hata macho. Akasema, "Ng'ombe wangu wanaumwa." Na ng'ombe wenyewe nawaona pale, wamenona, wanacheua kama watu wenye mishahara.

Nikarudi na hasira, nikamwambia baba kwamba mzee yule ni mchoyo tena mwongo. Baba akaniuliza jambo moja tu: "Ulishuka kwenye baiskeli?" Nikaitazama soli ya kiatu changu. "Basi hujaenda," akasema. "Nenda." Nikaenda kwa miguu. Nikaketi. Nikapewa uji nikanywa, nikaulizwa habari za nyanya yangu, za kuku, za mtoto wa dada yangu aliyekuwa na surua. Jua likapinda. Kabla sijaomba chochote, mzee mwenyewe akasema, "Nasikia baba yako amepatwa na shida ya maksai," akaninyooshea kamba ya dume. Mchele ni mmoja, mapishi ndiyo mengi.

Nivumilie, mwanangu. Mzee akianza kusimulia huzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, lakini yai linakuja.

Texas nilikuja nikiwa na mvi tayari, nikimfuata binti yangu Nafula, ambaye ni nesi, kama nusu ya Wakenya wa Dallas. Nilifanya kazi kwenye maghala ya Garland mpaka mgongo ukagoma. Nikawa nashinda nyumbani Carrollton nikichunga televisheni, wajukuu wanapita, nawasalimu Kiswahili wananijibu Kiingereza. Jumapili moja kanisani akasimama mama mmoja, akatangaza kwamba korti inatafuta watu wa kujitolea kuwasemea watoto.

Kazi yenyewe ni hii. Mtoto akiondolewa kwao kwa sababu amepigwa au ametelekezwa, mambo yake yanakwenda kortini, na huko kila mkubwa ana wakili wake. Basi jaji anamteua mtu wa kawaida, asiyelipwa, awe anamtembelea mtoto huyo, aongee na walimu wake na ndugu zake, halafu aje aseme mbele ya jaji ni nini kinachomfaa. Asiseme kinachoifaa serikali wala kinachompendeza mzazi. Aseme cha mtoto tu.

Nikamwambia yule mama kwamba mimi niliishia darasa la saba. Akaniuliza, "Na macho yako yaliishia darasa la ngapi?" Watu wakacheka, hata mchungaji akacheka. Nikaenda. Nikafundishwa, nikachukuliwa alama za vidole, nikaapishwa. Nikapewa msimamizi, mama Mmarekani mwenye subira ya mti, ambaye maneno yangu nikimwambia anayapanga vizuri kwenye ripoti.

Nikapewa ndugu wawili. Majina yao ya kweli sitayasema maana niliapa. Nitawaita Furaha na Amani. Walikuwa watoto wa familia ya Wakongo kutoka upande wa Fizi, waliokuwa wakikaa Haltom City. Baba yao alikuwa amefariki. Mama yao akaingia kwenye pombe, na pombe nayo ikamwingia. Asubuhi moja ya baridi kali Amani, ambaye hata shule hajaanza, alikutwa bila viatu kwenye maegesho ya magari akitafuta chakula. Dada yake alikuwa shuleni. Mama hakuonekana tangu jana yake.

Wakachukuliwa. Haikupatikana nyumba ya kuwapokea wote wawili, kwa hiyo Furaha akapelekwa kwa familia moja, Amani kwa nyingine, mji mwingine kabisa.

Siku ya kwanza nilipomtembelea Furaha, msichana wa miaka kumi, aliniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni polisi. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Polisi gani ana tumbo kama hili?" Macho yakamtoka. "Babu," akasema, "unaongea kama redio!" Wakongo ndivyo wanavyokisikia Kiswahili chetu, sijui kwa nini, na sisi nasi chao tunakisikia kama wimbo. Alipomaliza kucheka akaniuliza, "Amani amekula?" Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda, swali lilikuwa hilo hilo. Yeye ndiye aliyekuwa akimlisha mdogo wake kwa mkono wake, na huko Amani alikopelekwa, chakula cha mkono mwingine hakikumpita kooni kirahisi.

Sasa sikiliza palipokuwa na moto. Wale waliompokea Amani, mume na mke wasio na mtoto, walitaka kumfanya mtoto wao moja kwa moja. Walikuwa watu wema, sitawasema vibaya. Lakini walitaka mtoto mdogo tu. Korti ikikubali, ndugu hawa wangekua kila mmoja na jina lake la ukoo, kila mmoja na mji wake. Na siku ya kusikilizwa ilikuwa inakaribia.

Nikamuuliza ofisa wa serikali aliyeishika kesi yao, binti mpole mwenye watoto wengi wa kuwaangalia kuliko saa za siku, "Hawana ndugu?"

"Wana mama mdogo, yuko Houston," akasema. "Ameolewa, ana kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Nilimpigia simu. Alikataa."

"Alisemaje?"

"Alisema hawezi kuwachukua watoto wa dada yake."

Mwanangu, nilisikia kengele ya baiskeli. Binti wa watu alifanya kazi yake sawasawa kama alivyofundishwa, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kwetu neno zito halirushwi juu ya ua. Nikamwomba msimamizi wangu na huyo ofisa ruhusa niende Houston. Wakakubali wote wawili, ofisa hata akafurahi.

Nafula alinipeleka siku yake ya mapumziko, akilalamika njia nzima. "Baba, masaa yote haya barabarani kwenda kuuliza swali lililokwisha kujibiwa?"

"Iliyojibiwa ni simu. Mimi bado sijajibiwa."

"Ungekuwa mgonjwa wangu ningekupa dawa ya usingizi."

"Angalia barabara, daktari."

Yule mama mdogo nitamwita Mama Riziki. Tulipoingia, mumewe aliizima televisheni, hapo nikajua nimefika kwa watu. Tukala bugali, ndio ugali wao, na sombe, yaani kisamvu, na samaki. Tukaongea joto la Houston, tukaongea mafuriko, tukaongea kwaya yao. Nafula ananitazama, anatazama saa. Tulipokwisha kunawa ndipo niliposema, "Mama, mimi nimetumwa na korti, sikutumwa na ukoo. Lakini nimekuja mwenyewe niisikie sauti yako."

Akalitua beseni la kunawia. "Muzee," akasema, "mimi sikukatala watoto. Nilikatala kuiba. Dada yangu angali mzima. Mutu wa serikali ananipigia simu niko kazini, niko namuogesha mugonjwa, ananiuliza: unataka watoto wa dada yako, ndiyo ao hapana? Nikisema ndiyo, si nimemuzika dada yangu na bado anapumua?"

"Kitanda chao kiko tayari tangu Pasaka," mumewe akaingilia. "Kila Jumamosi anakitandika upya, halafu analia."

"Wewe nyamaza."

"Ninyamaze juu ya nini? Muzee ametoka mbali."

Nikamuuliza, "Sasa mama, nani wa kulisema neno hilo?"

"Yeye. Kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu. Nyumba waje waione, milango iko wazi. Lakini ndiyo yangu inamungoja yeye."

Mama wa watoto mwenyewe nilimkuta Fort Worth, kwenye nyumba ya kutibu watu wa pombe. Alikuwa ameanza kupona, uso umeanza kurudi. Aliponiona akanirushia mkuki: "Nyie Wakenya munapenda sana kazi ya polisi! Umekuja kunihesabia makosa?"

"Nimekuja kukwambia nilichoona," nikamjibu. Nikamwambia habari za Amani na chakula, na swali la Furaha. Nikamwambia pia kwamba Houston kuna kitanda. Aliposikia kitanda akageukia ukuta. "Dada yangu hajanipigia hata simu moja," akasema. "Ananionea aibu."

Kumbe, mwanangu, ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa wamesimama kila mmoja nje ya mlango wa mwenzake, akingoja kuitwa. Nilitamani kumsukuma. Lakini kazi yangu si kumsukuma mtu mzima. Nikamuaga, nikatoka.

Ofisa akaenda Houston, akaiona nyumba, akaipenda. Ila neno lenyewe lilikuwa bado halijatamkwa, na siku ikafika.

Korti ya Fort Worth. Jaji alikuwa mwanamke. Mama wa watoto alikaa upande huu na wakili wake, macho chini. Mama Riziki na mumewe wakakaa nyuma, pamoja na nyanya mmoja wa kanisa lao, mfupi, amejifunga kitenge cha rangi ya chungwa utadhani amekuja arusi. Wakili wa serikali akaeleza kwamba nyumba ya Houston ni nzuri, ila mama mdogo alipoulizwa mara ya kwanza alikataa. Jaji akanigeukia.

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, watoto hawa nimewaona wakiwa mbalimbali, na nimewaona siku za kukutanishwa. Wakiwa mbalimbali ni kama wagonjwa wawili. Wakiwa pamoja wanakuwa watoto. Naomba wasitenganishwe. Naomba waende kwa mama yao mdogo." Nikaketi. Sikuwa na jingine.

Jaji akamwita Mama Riziki asimame. Akamuuliza, na mkalimani akaligeuza swali kwa Kiswahili: "Unawataka watoto hawa?"

Mama Riziki akamtazama dada yake. Dada yake anatazama sakafu. Mkalimani akarudia, naye bado anamtazama dada yake. Nikaona mkono wa jaji ukiifuata kalamu.

Nafula, aliyeketi nyuma yangu, akaninong'oneza, "Baba, anakataa tena."

"Ngoja."

"Tungoje nini?"

Ndipo mama wa watoto aliposimama. Wakili wake akamvuta mkono wa blauzi, yeye akauondoa. "Dada!" akaita, sauti ikapasuka. "Kamata watoto wangu! Sikupi kwa sababu nimekufa. Nakupa juu nataka kupona. Wakule kwako, walale kwako, na siku nitakaposimama sawasawa, unifungulie mulango!"

Mkalimani, maskini, ilibidi akohoe kwanza kabla ya kutafsiri. Lakini Mama Riziki hakumngoja. "Ndiyo!" akapiga kelele. "Ndiyo, mama jaji! Ndiyo kwa wote wawili!"

Na yule nyanya wa kitenge akapiga vigelegele. Ndani ya korti ya Texas, mwanangu! Vigelegele virefu, vya mtu mwenye mapafu ya mlimani. Askari wa korti akapiga hatua kumwendea. Jaji akainua kiganja: "Mwache amalize." Akamaliza, na hakuwa na haraka. Yule ofisa binti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, Nafula wangu naye, yeye aliyezoea kuona mengi hospitalini, akatafuta leso kwenye mkoba asiipate.

Jaji akaamua watoto waende Houston pamoja. Wale waliomlea Amani walilia, nami sikuwalaumu. Lakini begi la nguo zake walilipanga wao wenyewe, tena kwa upendo. Baadaye mama yao akapona vizuri, akapata kazi kiwandani, akawa anawatembelea wanawe, na mlango anafunguliwa kweli. Korti ikaithibitisha nyumba ya Mama Riziki kuwa ndiyo nyumba yao, kisha ikaifunga kesi. Kesi ikifungwa, na kazi ya mtu kama mimi imekwisha siku hiyo hiyo.

Wakanialika Houston kusherehekea. Baada ya kula, Papa Riziki, mume wa mama yao mdogo, akakipiga kiti kofi. "Muzee, hiki ni chako. Kila Noeli uje ukikalie." Nilimshukuru, na moyoni nikajua sitakikalia.

Mwanangu, ukitumwa kuuliza habari ya mtoto, nenda. Simu ni nzuri ya kuulizia bei. Ukiambiwa hapana, usikimbilie kumwita mtu mchoyo, uliza hapana hiyo inamwogopa nani. Ukisimama kumsemea mtoto, sema ulichoona kwa macho yako, uketi. Wenye hekima nyingi wako wa kutosha mle ndani. Na kazi ikiisha, ondoka. Wahenga walisema tenda wema nenda zako usingoje shukrani, lakini wengi tunatenda wema halafu tunavuta kiti. Mtoto aliyepona hana haja ya kumwona kila sikukuu mtu aliyemjua siku za msiba wake. Mwache akue akidhani dunia ilikuwa hivi siku zote.

Mungu akupe masikio yenye subira na miguu isiyoogopa umbali. Akupe mdomo wa kunena kwa ajili ya asiyeweza. Na watoto utakaowazaa wasimhitaji kamwe mtu wa kazi yangu.

Nilipotoka uani, Furaha na Amani walikuwa na watoto wa jirani wanamwagiana maji ya mpira wa bustani, wameloa chepechepe, wanapiga kelele kwa lugha tatu. Niliwapungia mkono. Amani akanipungia wa kwake, kisha dada yake akamlenga maji ya uso, naye akageuka kumkimbiza. Nikaingia garini. Nafula akauliza kama anigeuzie gari niwaage vizuri. Nikamwambia aendeshe, nami sijarudi tena.