Gerishon Abishana na Nesi

Gerishon ni dalali wa ng'ombe kule Ainabkoi, na dalali hakubali kamwe kuwa wa kwanza kutaja bei. Kwa hivyo alipozinduka katika wadi mjini Eldoret, kifua kimeshonwa baada ya kubadilishiwa vali ya moyo, na nesi Rael akamuuliza, "Mzee, kutoka sufuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?" Gerishon alimtazama kwa jicho moja.

"Wewe unaonaje?"

"Siwezi kuyaona, Mzee. Ni yako."

"Basi weka mbili."

Mchana, mbili. Jioni, mbili tena, ingawa jasho lilimtoka na alikuwa akipumua kidogo kidogo kama mtu anayeiba hewa. Mkewe, Wahu, alimkodolea macho. Alimjua. Mtu huyu aliwahi kukanyagwa mguu na fahali sokoni, akaendelea kubishana bei huku anatabasamu.

Kesho yake Rael hakuuliza namba. Alimpa mto. "Ukumbatie kifuani, uvute pumzi ndefu, halafu ukohoe."

Gerishon akavuta pumzi. Akafika nusu, akakwama mdomo wazi. Kikohozi hakikutoka.

"Mbili haimzuii mtu kukohoa," Rael akasema.

"Tatu, basi."

"Mzee!"

"Nne. Nne na nusu, na hapo nimekuongezea tu."

Wahu akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Gerishon naye akacheka, na kicheko kikamkata kifuani mpaka machozi yakamtoka.

"Nane!" akapiga kelele. "Ni nane, sista, nisamehe!"

Hapo ndipo alipofunguka. Alikuwa anaogopa kwamba akitaja namba kubwa, watamrudisha theatre wampasue tena.

"Hakuna anayepasuliwa kwa kusema ukweli," Rael akamwambia, akivuta kiti karibu. "Lakini usipokohoa, makohozi yatakaa kwenye mapafu, upate nimonia. Dawa ya maumivu ndiyo itakusaidia kukohoa. Sasa nikupe kiasi gani kama unanificha?"

Gerishon akainamisha kichwa. "Na hiyo dawa ilikuwepo tangu jana?"

"Ilikuwepo."

"Wahu, umesikia? Nimejipunja mwenyewe!"

Akapewa dawa. Ilipoanza kufanya kazi, akaukumbatia mto, akakohoa kikohozi kizito hata wagonjwa wenzake wakageuka kutazama. Baadaye akatembea polepole hadi dirishani, Wahu kamshika mkono, wakasimama wakiangalia mvua. Aliporudi kitandani alilala fofofo, akikoroma, na Wahu akatoka nje kuwapigia watoto simu.