Ada Juu ya Stempu

Ujumbe ulichapwa kwenye karatasi ile ndefu yenye matundu pembeni, na mzee mwenye duka akaikata kwa rula kabla ya kunipa. Alikuwa na simu, faksi na kompyuta moja nyuma ya magunia ya sukari, hapo Voi mjini, na mimi nilikuwa karibu mteja wake pekee wa barua pepe. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea kuisha. Nilikuwa na shahada, sikuwa na kazi, na nilikuwa nimemshawishi mama yangu kwamba vyondo, vile vikapu vya mkonge vinavyosukwa kwetu kijijini Makwasinyi, vingeweza kuuzwa ng'ambo kwa kompyuta.

"Mwanangu, wasimama hivyo kwani kuna msiba?"

"Hapana, mzee. Wamebadilisha ada."

"Basi kaa. Ukiniangukia hapa watu watasema sukari yangu ina sumu."

Nikakaa juu ya gunia, nikausoma mara nne.

Mpango ulikuwa mnunuzi wa ng'ambo alipe vitu viwili: bei ya kiondo, na gharama ya posta ya kukitoa Voi hadi mlangoni kwake. Wenye duka la mtandaoni nilikotangaza vyondo wangekata sehemu yao kwenye bei ya kiondo, kisha watutumie hundi ya kilichobaki. Sasa walisema watakata kwenye jumla yote, posta ikiwemo. Walieleza kwa upole. Kuna wauzaji walioandika bei ya bidhaa karibu na bure, wakaificha faida yao kwenye posta ili wakwepe ada. Hao hawakuwa sisi, lakini adhabu ilitufikia sisi kwanza, kwa sababu tulikuwa mbali. Kutoka kwetu, stempu ziligharimu zaidi ya kiondo chenyewe. Posta ilitaka pesa yake kamili. Kwa hiyo kilichomegwa kwenye stempu kingetoka mahali pamoja tu, kwa mwanamke aliyesuka.

Niliwaza nipandishe gharama ya posta ili kufidia. Ada nayo ingepanda. Niliwaza nipandishe bei ya kiondo. Mnunuzi angehamia kwa muuzaji aliye karibu naye. Nilirudi mwanzo nikawaza tena, kana kwamba mara hii hesabu ingenionea huruma.

Ingekuwa pesa yangu nisingehangaika hivyo. Mama alikuwa mweka hazina wa kikundi cha wasusi. Yeye ndiye aliyewaomba watoe akiba yao ya tangi la maji, inunue mkonge na stempu za shehena ya kwanza. Waliposita, alisema mbele yao, "Ikipotea, chukueni mtamba wangu." Alikuwa na mtamba mmoja, ng'ombe wake pekee, mwenye mimba ya kwanza. Mimi nilikuwa na shahada, na hakuna aliyeiulizia.

Nilipaswa kumwambia mama habari ya ada siku ile ile. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba nikipunguza uzito, posta itashuka, na ada itashuka nayo. Nikaanza kugombana na gramu. Niliacha katoni nikatumia karatasi ya kaki. Nilipunguza kamba. Mama alikuwa ameniachia kiondo kimoja cha mfano, cha kupigia picha na kujulia uzito wa vingine, na nilikuwa nakipima kila asubuhi kwenye mizani ya sukari.

"Wakipima tena?" mzee aliniuliza. "Si ndicho cha jana?"

"Labda kimekauka."

"Akaukaye ni wewe, mwanangu."

Wanunuzi kumi na wawili walikuwa wameshalipa. Vyondo kumi na viwili viliposhuka kutoka Makwasinyi, vimeshonwa bitana nzuri ya kitenge, nilivibeba hadi posta. Kila kimoja kilizidi uzito wa kile cha mfano.

"Mizani yako ina shida," nilimwambia karani.

Alinitazama juu ya miwani. "Madam, mizani ya serikali haina shemeji. Haipendelei mtu."

"Naomba urudie."

"Nimerudia mara tatu. Angalia hiyo foleni."

"Dadangu," mama mmoja akadakia nyuma yangu, "kama unatuma mawe, tuambie tukalete kiti."

Watu wakacheka. Nililipia tofauti kutoka kwenye pesa ya kikundi. Wiki zilizofuata nilikuwa nikilala na kuamka na mizani ile. Nilitunga barua ya malalamiko kwa mkuu wa posta, nikaipunguza, nikairefusha, nikaichana.

Kisha ujumbe mwingine ukaja. Maafisa wa forodha wa nchi ile walikuwa wamefungua vyondo wakakuta mbegu ndani ya bitana. Mbegu zisizo na kibali hazikuruhusiwa. Vyote kumi na viwili viliteketezwa. Wanunuzi walikuwa wamerudishiwa pesa zao zote, za kiondo na za posta, na sisi hatungepata hundi. Chini kabisa waliongeza kwamba ada yao haitasamehewa, ikiwemo ile ya posta. Tulidaiwa ada ya stempu za vitu vilivyogeuzwa majivu.

Mbegu? Nilimwomba mzee achape tena, nikidhani kompyuta imekosea. Halafu nikakumbuka, nikashika kichwa.

Kwetu kiondo hakipelekwi nyumbani kwa mtu kikiwa kitupu. Mimi mwenyewe nilitumwa nacho utotoni mara ngapi, nikiwa nimebeba mahindi mawili au kiganja cha maharagwe kwa shangazi. Kiondo cha mfano kilikuwa chepesi kwa sababu hakikuwa kinakwenda kwa mtu.

Nilikwenda Makwasinyi Jumamosi. Mama alikuwa akipura kunde uani.

"Mlitia nini kwenye bitana?"

"Pojo," alisema, bila kuinua kichwa. "Viganja viwili viwili. Za mavuno haya."

"Mama, vilikuwa vya kuuza!"

"Vya kuuza tunapeleka soko la Voi, na vinakwenda vitupu. Hivi ulituambia vinakwenda hadi mlangoni kwa mtu. Ni wewe uliyesema."

Ni kweli, nilisema hivyo. Nilikuwa nimelitafsiri tangazo la lile duka la mtandaoni neno kwa neno, nikijivunia.

Wanawake walikutana alasiri nyumbani kwa mwenyekiti wao. Njiani nilikuwa nimetayarisha maneno kwa namna saba, na nilipofungua mdomo yote yalipotea. Niliwasomea karatasi. Walisikiliza mpaka nilipofika kwenye ada ya posta.

"Ngoja hapo," akasema mmoja wao, bibi aliyesuka vitatu kati ya vile kumi na viwili. "Huyo mwenye duka la ng'ambo, ndiye aliyevibeba?"

"Hapana, bibi. Ni posta."

"Ndiye aliyelamba stempu?"

"Nililamba mimi."

Wakacheka, hata mama. Bibi hakucheka.

"Sasa kwenye stempu anadai nini?"

"Pesa ilipitia kwake, bibi."

Walinong'onezana kwa Kidawida, lugha ya kwetu. Mwenyekiti akageuka. "Basi kosa ni letu. Ni pojo zetu zilizotuponza. Mtamba wa mwenzetu usiguswe."

Niliona mabega ya mama yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Ningenyamaza tu. Nilihesabu nitakachopata kwa kunyamaza: mtamba zizini, mama kwenye nafasi yake, mimi huru. Nikahesabu na upande wa pili, wanawake wale wakienda makwao wakiamini kwamba ukarimu wao ndio uliowala. Wakati ningali nahesabu, bibi akaniuliza moja kwa moja.

"Na tungetuma vitupu, mjukuu, tungepata?"

"Hapana," nikasema. "Kwa ada hii mpya msingepata hata pesa ya mkonge. Nilijua kabla sijavituma."

Mama akawageukia wenzake.

"Nilitoa neno langu," alisema. "Jumanne kuna mnunuzi wa ng'ombe anapita."

Walikataa, akakataa kukataliwa. Jumanne pikapu ilikuja. Mtamba aligoma kupanda, dereva na utingo wakamvuta, akapiga magoti. Mama akawaambia waache kamba. Alipanda yeye kwanza, akamwita kwa sauti ile ya chini aliyowaitia ng'ombe wake wa zamani wakati wa kuwakama, na mtamba akamfuata, mzito, tumbo likigonga ubao.

Mama alishuka, akapokea noti, akampa mwenyekiti zilivyo. Nilimwambia, "Mama, nisamehe."

"Shika njia, gari la Voi lisikuache," alisema, akaingia ndani. Nilibaki uani na mwenyekiti, ambaye alikuwa ameshika zile noti kwa mikono miwili na hakujua aziweke wapi.