Utepe Kwenye Mti wa Krismasi

Nilipokuwa mtoto niliiba sauti ya mtu aliyekufa, nikaitundika kwenye mti wa Krismasi. Nimeokoka, na dhambi zangu nyingi nimezitubu, nyingine nikiwa nimesimama mbele ya kanisa zima. Hii sijawahi kuitaja. Kila Desemba ninapowaona wajukuu wakikata saiprasi na kugombania puto, inanipanda kooni, kisha naimeza pamoja na pilau.

Tulikaa Tarime mjini, Nyamisangura, nyuma ya duka dogo la baba. Tuliishi na mama yake baba. Sisi ni Wajaluo, kwa hiyo tulimwita dana. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, watu aliwatambua kwa mwendo wao. Ilikuwa miaka ile dhahabu ilipowatoa vijana mashambani, jembe likabaki limeegeshwa ukutani, mwenyewe yuko machimboni upande wa Nyamongo. Baba mdogo Owino, kitinda mimba wa dana, alikwenda nao. Akija nyumbani nguo zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi, na jambo la kwanza lilikuwa kuniita. Hakuniita kwa jina langu. Aliniita Tajiri. "Tajiri, umeshindaje? Leta maji ninawe." Hakuna mwingine aliyeniita hivyo.

Siku moja duara lao, shimo walilochimbia dhahabu, liliporomoka. Wenzake walichimba kumtafuta, mvua ikanyesha, kifusi kikazidi kushuka, mwisho wakaacha. Mwili haukupatikana.

Kwetu mtu asiyepatikana haachwi hivyo. Hutafutwa tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia kwa kamba yake kama mguu wa mtu, likafungwa nguo zake na kuzikwa nyumbani kwake kama yeye. Bila hivyo, wazee wanasema, mtu hana pa kulala. Anazunguka, anakuja mpaka mlangoni na kuita watu wake. Ndiyo maana tulifundishwa: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitikie mara ya kwanza. Ngoja. Aliye hai ataita tena.

Wazee walimjia dana na habari ya yago. Akawakatalia.

"Mnataka nimzike mwanangu akiwa hai?"

"Mama Owino, mvua mbili zimepita."

"Hata zikipita kumi. Mimi sizai matunda, nilizaa mtu."

Kilichomtia nguvu ni kanda. Miezi michache kabla ya ajali, Owino alimrekodia salamu kwa redio ya rafiki yake, akaituma kwa mtu aliyekuwa anakuja mjini. Dana aliisikiliza mara moja tu, kwenye redio ya dukani, sisi wote tumemzunguka. Owino alisalimia ukoo mzima kwa majina, akacheka, akakohoa, akasema, "Mama, sasa sikiliza neno hili..." Hapo dana akamwambia baba aizime.

"Yaliyobaki nitayasikia akiwa amekaa hapa mwenyewe," alisema. Akaifunga kanda kwenye kitambaa, akaiweka chini ya mto wake.

Sasa ngoja nieleze uovu wangu.

Krismasi ile walikuja ndugu zetu wa Migori, ng'ambo ya mpaka. Binti yao Akinyi tulilingana umri, ila yeye alikuwa na viatu vya kung'aa na mdomo. Mti wetu ulikuwa tawi la saiprasi, tumelisimamisha kwenye debe la mchanga, tukalivisha pamba na puto tatu, moja imeanza kunywea. Akinyi alisimama mbele yake, mkono kiunoni.

"Hii ni mti ama ni fagio?"

"Ni mti," nikasema.

"Kwani hamna zile vitu za kung'aa? Kwetu mti inang'aa mpaka majirani wanakuja kuangalia. Hii yenu hata kuku itaipita tu."

Watu wazima wakacheka. Mimi sikulala vizuri. Asubuhi, dana alipokuwa nje anaota jua, niliingia chumbani kwake nikatoa kanda chini ya mto. Nilivuta utepe kwa kidole, ukatoka, ukatoka, ule wa rangi ya kahawa unaometa kama mgongo wa nyoka, mpaka ukaisha na kukatika mwisho wake. Kanda tupu nikairudisha kwenye kitambaa chake. Nilijiambia kwamba hakuna anayeisikiliza. Mtoto anajua kujitetea kabla hajashtakiwa.

Utepe niliuzungusha kwenye mti kuanzia juu mpaka chini, ncha nyingine nikaipitisha kwenye msumari wa dirisha. Mti ulimeta kweli. Akinyi mwenyewe alibaki kuugusa. Mama aliuliza nimeutoa wapi, nikasema kwa rafiki. Dhambi ya pili, na jua lilikuwa halijafika utosini.

Mchana wa mkesha wote walikwenda kanisani kufagia na kupamba. Niliachwa na dana, nimwangalie yeye na sufuria ya maharage. Tulikaa sebuleni, mlango wazi. Karibu saa kumi wingu lilitanda, nyumba ikaingia giza kama mtu ameifunika kwa blanketi, na upepo wa kutangulia mvua ukaanza kuingia. Kuku walinyamaza. Nakumbuka hilo kwa sababu kabla ya hapo walikuwa wanasumbua.

Utepe ukaanza kuvuma. Kwanza ulikuwa kama nzi ndani ya chupa. Kisha ukashuka, ukawa mzito, kama mtu anaongea chumba cha pili na wewe husikii maneno. Unapanda, unashuka, unakatika, unaanza tena. Matawi ya saiprasi yalikuwa yanatikisika kidogo kidogo. Na katikati ya mvumo ule nikasikia, wazi, karibu na sikio:

"Tajiri."

Nilitaka kusema "Abee," lakini nikakumbuka tulivyofundishwa. Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikangoja aite tena. Hakuita.

Dana alikuwa ameinua uso. Ukungu wa macho yake ulielekea moja kwa moja kwenye mti, kana kwamba anauona.

"Wuoda," alisema. Mwanangu. "Ingia basi, mvua inakuja."

Yeye hakungoja aitwe mara ya pili. Mama gani angengoja?

Akawa anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema "mm," kama mtu anayepokea taarifa za nyumbani. Mara moja alicheka. Mara moja alisema, "Kwa nini hukusema mapema?" Mimi niliganda kwenye kigoda, mkojo umenitoka, maharage yanaungua jikoni na siwezi kunyanyuka. Mvua ilipopiga bati hatukusikia tena kitu.

Baba aliporudi, amelowa, dana alimwambia bila hata kumpokea salamu, "Baada ya sikukuu mkatafute yago."

Baba alivua kofia. "Mama, umesemaje?"

"Owino amechoka kusimama nje. Anasema mimi ndiye ninayemzuia, kila siku namngoja mlangoni naye hapati kupita. Mlazeni."

Walimzika. Tunda lilifungwa shati lake la kijani, likateremshwa kaburini taratibu kama mtu mzito. Mzee wa kanisa letu hakupenda mambo yale, lakini alikuja. Alisimama nje ya ua wa minyaa akaomba kutokea hukohuko, na sauti yake ilitufikia.

Kabla ya udongo kurudishwa, dana aliomba kanda yake. Alitaka Owino alale nayo. Mimi ndiye nilitumwa kuileta. Nilimkabidhi ikiwa ndani ya kitambaa. Akaifungua, akapitisha kidole gumba pale chini panapotokea utepe. Akapitisha tena. Akaitikisa, vigurudumu vikalia ndani kama punje kavu.

Alinigeuzia uso. Akaniuliza kwa sauti ndogo, mimi na yeye tu:

"Ni wewe uliyemfungulia?"

Aliuliza mara moja. Nami nikanyamaza, nikangoja aulize tena, kana kwamba yeye ndiye mzimu. Hakuuliza. Aliitupia kanda tupu kaburini, akachukua konzi ya udongo. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akila vizuri na kulala vizuri kuliko zamani, na kila siku ningeweza kumwambia, sikumwambia.

Mwanangu amesoma. Ananiambia utepe ukikazwa mahali penye upepo lazima uvume, na mtoto mwenye hatia atasikia anachokiogopa. Mchungaji wangu anasema wafu hawajui neno lolote. Nawaamini wote wawili. Lakini dana hakujua kuna utepe kwenye mti, na hakuwa na hatia yoyote ya kumsemesha. Labda alikuwa amechoka kungoja, akahitaji mtu amruhusu. Labda. Ninachojua ni kwamba nilitaka kumzidi Akinyi kwa kung'aa, na mkono ule ule wa wizi ulifungua mlango ambao wazee walishindwa kuufungua. Mungu hutumia hata fimbo iliyopinda, ila fimbo isijisifu.

Mama alipotaka kuchoma mti baada ya mwaka mpya, niliuvua utepe wote nikauviringisha kwenye gunzi la mahindi. Uko mpaka leo ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, juu ya kabati langu. Umekunjamana, na sehemu mbili umekatika.

Basi wewe unayesoma, nina ombi. Kama unamfahamu fundi anayeweza kuunga utepe wa zamani na kuurudisha kwenye kanda, nielekeze kwake. Sina haja na salamu za ukoo. Nataka anipigie kuanzia pale baba mdogo anaposema, "Mama, sasa sikiliza neno hili." Na siku hiyo, tafadhali, uje ukae karibu nami.