Nyumba Zenye Madirisha Machache

Madam alipoiweka tableti mbele yangu juu ya meza ya jikoni, mikono yangu ilikuwa imejaa unga. Akaniuliza, "Wewe ulisoma utalii, si ndiyo?" Nilikuwa nimekaa katika nyumba ile ya Al-Malqa, Riyadh, mwaka mmoja na miezi minane, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza habari za shule. Nikamjibu ndiyo, nina diploma, niliipata Nakuru. Sikumwambia kwamba tangu niipate sijawahi kumwongoza mtalii hata mmoja, hata kumwonyesha choo kilipo.

Familia ilitaka kukimbia joto la Julai, na baba alikuwa ameona picha za Aislandi, kile kisiwa cha kaskazini chenye barafu juu na moto chini. Siku kumi na mbili kwa gari, wakizunguka kisiwa kizima. Madam ni daktari, na muda wa kukaa kutafuta nyumba za kulala hakuwa nao. Kwa hiyo kazi ile akanipa mimi. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Nilifanya kazi hiyo mchana, baada ya chakula, wakati nyumba nzima imelala. Nilikaa jikoni na daftari, nikisoma juu ya mabonde ya mawe, maporomoko ambayo mtu hupita nyuma yake akalowa, ufuo wa mchanga mweusi ambapo wageni huonywa wasiipe bahari mgongo. Mimi ni mtu wa Nyahururu. Kwetu yapo maporomoko ambayo watu huyafuata kutoka mbali, na sisi tulikuwa tukiyapita kwenda shule bila hata kugeuza shingo. Sasa nilikuwa nikihesabu dakika za kutoka poromoko moja hadi jingine katika nchi nisiyojua hata harufu yake, na nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu nifike Riyadh.

Nilitaka kwenda. Niseme wazi, kwa sababu wakati ule sikulisema kwa mtu. Na nilikuwa na hakika nitaenda. Mwaka uliotangulia walinichukua hadi milima ya Abha, nikakaa kiti cha nyuma na kitindamimba wao, msichana ambaye sasa alikuwa na miaka mitano. Mtoto yule hakulala bila mimi. Mchana na usiku ilikuwa lazima nikae kando ya kitanda, anishike kidole, ndipo afumbe macho. Katika nyumba yenye vyumba tisa, hicho kidole ndicho peke yake kilichonifanya nijione ninahitajika na mtu, si na sakafu. Nani angempeleka mtoto huyo mwisho wa dunia bila mimi?

Basi nikapanga safari ya mtu aendaye kazini. Sikulijua hilo wakati ule, nalijua leo. Kulikuwa na nyumba moja ya kioo kando ya ziwa, ukuta mzima ni dirisha, na baba alikuwa ameipenda. Nikaitazama nikajiuliza, nani atavipangusa vioo hivi? Nikaipita. Nikachagua nyumba ndogo za mbao, choo kimoja, madirisha machache, mashine ya kufulia iwe ndani. Bonde moja zuri ajabu nililifuta kwa sababu ya matope: jozi sita za viatu, kila jioni! Gari lisiende zaidi ya saa mbili bila kusimama, maana msichana hutapika, na matapishi yana mwenyewe. Na kwa kuwa huko Julai usiku hauingii giza, nikatafuta vyumba vyenye mapazia mazito, ili nimlaze kwa saa zake. Kila nyumba, vitanda sita. Wao ni watano.

Dereva wa nyumba, Mkenya mwenzangu kutoka Kitale, alikuja kuchukua chai akaniona na daftari.

"Sista, hiyo ndege wewe utaingia na nini?" akaniuliza. "Passport yako si imelala tu kwa drawer ya bosi?"

"Itatolewa siku ikifika."

"Na fingerprints za visa? Jana si nimewapeleka wote watano? Wewe uliachwa unapika."

Nilimwambia anywe chai yake aende. Lakini alikuwa amenigusa pabaya. Asubuhi ile ya alama za vidole nilikuwa nimevaa abaya yangu nzuri na kusimama karibu na mlango, na madam akapita akisema, "Wewe baki, yalla, watoto watarudi na njaa." Nikajiambia wafanyakazi wana siku yao. Mtu mwenye diploma ya utalii! Hata mwanafunzi wa muhula wa kwanza angejua kwamba visa haiji yenyewe. Nilijua, nikakataa kujua.

Ratiba ilipokamilika, nilimpelekea madam sebuleni. Baba alikuwa kando yake na simu. Akaisoma yote, akasifu, kisha akakunja uso kidogo.

"Kwa nini kila nyumba ina choo kimoja?"

"Ni rahisi kusafisha, madam."

Akanitazama. Akacheka, na wala hakikuwa kicheko kibaya. "Lakini wewe huendi. Utakwenda Jeddah kwa mama yangu. Hana mtu mwezi huu."

Baba hakuinua macho. Madam akasema, "Halas, nyumba ziache hivyo hivyo. Siku kumi na mbili tu, tutajifanyia wenyewe."

Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema. Mimi nilikuwepo, nimesimama mbele yao, na langu halikuwepo vilevile. Nilisema sawa madam, nikaenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Mama yake madam anakaa Al-Baghdadiyah, ghorofa ya tatu, nyumba ya zamani yenye vyumba vya giza. Ni mzee mpole wa maneno machache. Hula kidogo, hulala sana, na televisheni yake huongea kutwa nzima. Joto la Jeddah ni la unyevu. Nguo nilizoanika zilibaki na maji kama zilivyoanikwa. Sikuwa na wa kuzungumza naye. Nilikuwa na ratiba. Siku ya kwanza nilijua wanakula wapi. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, nikajua wako nyuma ya maporomoko, wamelowa. Nilikaa na mama mzee nikimenya bamia, na moyo wangu ulikuwa unaona wivu hadi kooni.

Walipiga simu ya video kila jioni. Siku ya kwanza msichana alilia akitaka nije. Nikamwambia lala, habibti, nikampa kidole changu kwenye kioo cha simu. Siku ya tatu aliuliza tu nitakuja lini. Siku ya sita alisema salama, akakimbilia farasi mfupi mwenye manyoya. Baada ya hapo simu ilikuwa ya mama mzee, mimi nilimshikia tu.

Walirudi kupitia Jeddah, wakiwa wamebabuka mashavu kwa upepo. Madam alinikumbatia, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. "Ratiba yako!" akasema. "Hatukuchoka hata siku moja. Nilipika mwenyewe, nilifua mwenyewe, kila kitu kilikuwa karibu. Safari zote sasa utatupangia wewe."

Nikashukuru. Nilikuwa nimejipalia makaa kwa mikono yangu, na kwa mwandiko mzuri.

Baada ya chakula nilimpeleka msichana chumba cha ndani, nikavuta kiti kando ya kitanda, nikamnyoshea kidole. Alikitazama, akavuta shuka.

"Mafi lazima," akasema, yaani si lazima. "Kule nililala mwenyewe. Mimi mkubwa."

Nikamwambia vizuri sana. Nikatoka, nikakaa kwenye ukumbi mwembamba nje ya mlango, nikauacha wazi kidogo, nikingoja aniite. Niliumia vibaya, na nilimwonea fahari, yote mawili kwa pamoja. Aliamka saa kumi, akanipita pale nilipokaa, akaenda kumtafuta nyanya yake amwonyeshe picha za farasi.